Bi Shifaa: Mhajiri aliyekabidhiwa soko la Madina

 

Ndugu Waislamu, asubuhi moja katika zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A), baada ya Swala ya Alfajiri, Khalifa alitoka akaelekea sokoni. Katika swala hiyo hakumuona mtu mmoja aliyezoea kumuona, naye ni Sulaiman bin Abi Hathma. Nyumba ya Sulaiman ilikuwa kati ya msikiti na soko. Khalifa alipofika hapo akakutana na mama yake, akamwambia kuwa hakumuona mwanawe katika swala. Mama akajibu kwamba mwanawe alikesha akiswali, kisha usingizi ukamshinda. Sayyidna Umar akasema kuwa yeye anapenda zaidi kuihudhuria Alfajiri kwa jamaa kuliko kusimama usiku kucha.

Kisa hiki amekipokea Imam Malik katika Muwatta, na masheikh wetu hukitaja kila wanapohimiza swala ya jamaa. Leo tunaomba tumwache Sulaiman alale kidogo, tumtazame mama yake aliyesimama mlangoni. Ni nani huyu ambaye Amirul-Muuminina, mtu ambaye majeshi yake yalikuwa yamefika Sham, Iraq na Misri, alikuwa akipita kwake kila aendapo sokoni?

Huyo ni Bi Shifaa bint Abdillah (R.A), mwanamke wa Kikureshi, wa ukoo wa Bani Adiy, ukoo ule ule wa Sayyidna Umar. Baadhi ya wanachuoni wamesema jina lake hasa lilikuwa Laila, na Shifaa, maana yake uponyaji, ni jina lililomshinda likabaki. Alisilimu Makka kabla ya Hijra, akatoa kiapo cha utii kwa Mtume (S.A.W), na akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuhajiri. Kwa lugha ya leo tungemwita mhamiaji: mtu aliyeacha mji wake, jamaa zake na alivyovimiliki, akaenda kuanza maisha katika mji wa watu wengine.

Alivyofika Madina

Tunaposoma habari za Hijra tukiwa tumekaa vizuri majumbani mwetu, ni rahisi kusahau kwamba wale watu walikuwa mafukara. Wako wahajiri waliofika wakiwa na nguo waliyoivaa tu. Imepokewa kwamba siku moja Bi Shifaa alikwenda kwa Mtume (S.A.W) kumuomba msaada, naye akawa anamuomba radhi kwa kuwa hakuwa na cha kumpa. Bi Shifaa akaondoka akiwa na kitu moyoni. Wakati wa swala ulipofika akapita kwa binti yake, aliyekuwa mke wa sahaba Shurahbil bin Hasana, akamkuta mkwewe yumo ndani. Akamlaumu: watu wako msikitini, wewe umekaa nyumbani? Shurahbil akamuomba asimlaumu, kwa sababu alikuwa na nguo moja tu, na Mtume (S.A.W) alikuwa ameiazima. Bi Shifaa akajuta. Yeye alikuwa akinung'unika kwa kunyimwa, kumbe yule aliyemuomba hana hata nguo yake ya kuvaa.

Kwa hali hiyo ndivyo walivyoanza. Baadaye Mtume (S.A.W) alimpa Bi Shifaa nyumba katika mji wa Madina, akaishi humo na mwanawe Sulaiman. Wapokezi wanaeleza kuwa Mtume (S.A.W) alikuwa akimzuru na kupumzika kwake mchana, naye alimwekea tandiko na shuka maalumu. Vitu hivyo vilibaki kwa kizazi chake kama amana mpaka Marwan bin Hakam alipovichukua.

Mwalimu wa Bi Hafsa

Kilichomtofautisha Bi Shifaa na wengi wa zama zake ni kalamu. Mwanahistoria Al-Baladhuri anaeleza kuwa Uislamu ulipokuja, watu wa Kikureshi waliojua kuandika walikuwa wanaume 17 tu. Upande wa wanawake waliojua kusoma au kuandika wanataja majina machache mno, na la Bi Shifaa ni miongoni mwa hayo.

Ujuzi huo hakuufungia sandukuni. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Mtume (S.A.W) aliingia kwa mkewe Bi Hafsa, binti wa Sayyidna Umar (R.A), akamkuta Bi Shifaa yupo. Akamuuliza kwa nini hamfundishi Bi Hafsa zinguo la ugonjwa wa namla, ambao ni vidonda vya ngozi, kama alivyomfundisha kuandika. Bi Shifaa alikuwa akiwatibu watu kwa zinguo hilo tangu Makka, na baada ya kuhajiri alimuonyesha Mtume (S.A.W), naye akalikubali.

Tuyatafakari mambo mawili hapa. La kwanza, Mtume (S.A.W) alijua kuwa mkewe anafundishwa kuandika, akaridhika, na akataka aongezewe elimu nyingine. La pili ni matunda yake. Miaka mingi baadaye, nakala ya kwanza ya Qur'ani iliyokusanywa katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A) ilihamia kwa Sayyidna Umar, kisha ikawekwa mikononi mwa Bi Hafsa. Ni kwake ndiko Sayyidna Uthman (R.A) alikoiazima ili zinakiliwe nakala za kupelekwa mijini. Mwanamke aliyeaminiwa kuihifadhi amana hiyo alifundishwa herufi na mhajiri aliyefika Madina hana kitu.

Soko lisilo na ushuru

Madina ilikuwa na masoko kabla ya Waislamu kufika, likiwamo la Bani Qainuqaa. Mtume (S.A.W) aliwachagulia Waislamu mahali pao pa kufanyia biashara, na katika Sunan ya Ibn Majah imepokewa kuwa aliwatangazia kwamba hilo ndilo soko lao, lisibanwe wala lisitozwe ushuru. Maana yake ni kuwa mnyonge aliyefika na mzigo wake mdogo alipata nafasi sawa na tajiri. Ndiyo maana Abdurrahman bin Auf (R.A), alipofika kutoka Makka na nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii, akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimuombea baraka kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi.

Soko hilo halikuwa la wanaume peke yao. Imepokewa kuwa mwanamke mfanyabiashara aitwaye Qaila alimwendea Mtume (S.A.W) akamweleza mbinu zake: akitaka kununua hutaja bei ya chini sana kisha hupandisha kidogo kidogo, na akitaka kuuza hutaja bei ya juu sana kisha huteremka. Mtume (S.A.W) akamwelekeza ataje ile bei anayoikusudia, apewe au anyimwe. Hakumwambia aache biashara akae nyumbani. Alimrekebisha namna ya kuifanya.

Ibn Saad naye anasimulia habari za Bi Asma bint Mukharriba, mwanamke wa Kimakka aliyekuwa akiuza manukato Madina katika zama za Sayyidna Umar. Mwanawe alikuwa akimletea mzigo kutoka Yemen, naye huwakopesha wanawake mpaka mgao wa serikali utoke. Siku moja Bi Rubayyi bint Muawwidh, mwanamke wa Kiansari, alikwenda na wenzake kununua. Bi Asma akampimia, kisha akataka deni liandikwe. Jina la Muawwidh lilipotajwa mambo yakaharibika, kwa kuwa Bi Asma alikuwa mama yake Abu Jahl, na Muawwidh ni mmoja wa waliomuua Abu Jahl katika vita vya Badr. Wakarushiana maneno makali, na biashara ikaishia hapo.

Wanawake hao walikuwa binadamu kama sisi, wenye hasira na kumbukumbu chungu. Lakini tazama utaratibu wao: kuna mzigo unaotoka nchi ya mbali, kuna mizani, kuna mkopo wenye muda maalumu, na kuna deni linaloandikwa kama Suratul-Baqara inavyoamrisha. Katika soko la namna hiyo, mtu anayejua kuandika na anayeaminika ni nguzo.

Kazi aliyopewa

Hapa ndipo tunaporudi kwa Bi Shifaa. Wanachuoni walioandika maisha ya masahaba, akiwamo Ibn Abdil-Barr wa Cordoba na baada yake Ibn Hajar, wanasema kuwa Sayyidna Umar alikuwa akiitanguliza rai yake, akimpa heshima ya pekee, na huenda alimkabidhi sehemu ya mambo ya soko.

Usimamizi wa soko ni katika kazi ambazo baadaye ziliitwa hisba: kukagua vipimo na mizani, kuzuia ghushi, kusuluhisha wanaogombana, na kuhakikisha njia haizibwi. Mtume (S.A.W) mwenyewe aliifanya. Alitia mkono katika rundo la nafaka akakuta chini limelowa, akamuonya mwenye nalo kwamba anayeghushi hayuko pamoja nasi. Sayyidna Umar alilichunga soko kwa ukali, na imepokewa kuwa alikataza mtu kuuza katika soko la Madina mpaka awe ameifahamu dini yake. Kwa kiongozi mwenye msimamo huo, kumkabidhi mtu jambo la soko si upendeleo wa ukoo. Ni kumtwisha mzigo.

Wala Bi Shifaa si mwanamke pekee anayetajwa. Bi Samra bint Nuhaik, aliyewahi kuonana na Mtume (S.A.W), alishuhudiwa akiwa amejisitiri kwa mavazi mazito, mkononi ana mjeledi, akiamrisha mema na kukataza maovu.

Wanachuoni wamehitilafiana

Ndugu msomaji, uaminifu wa elimu unatutaka tuseme yote. Habari ya kwamba Bi Shifaa alipewa usimamizi wa soko haikukubaliwa na wote. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 456 Hijria, aliitumia kuwa ni hoja kwamba mwanamke anaweza kupewa mamlaka ya hukumu, akataja kuwa hiyo pia ni rai ya Abu Hanifa. Baadaye, mwanachuoni mwingine wa Andalusia, Kadhi Abubakar Ibn al-Arabi wa Seville, aliyefariki mwaka 543 Hijria, alipoifasiri Suratun-Naml na kisa cha Malkia wa Sabaa, aliikataa habari hiyo katakata, akasema si sahihi na wala isitazamwe. Wataalamu wa hadithi nao wameonyesha upungufu katika sanadi zake.

Je, tubaki na nini? Tubaki na yale yenye nguvu zaidi. Imam Bukhari, katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad, amepokea mazungumzo ya Khalifa Umar bin Abdulaziz na mjukuu wa Bi Shifaa, Abubakar bin Sulaiman. Khalifa alimuuliza ni nani wa kwanza kuandika cheo cha Amirul-Muuminina. Mjukuu akajibu kuwa aliyemsimulia ni bibi yake Shifaa, mmoja wa wahajiri wa mwanzo, na kwamba Sayyidna Umar kila alipoingia sokoni alikuwa akimpitia. Kisha akasimulia namna wajumbe wawili kutoka Iraq, Labid bin Rabia na Adiy bin Hatim, walivyofika Madina, wakamuomba Amr bin Aas awaombee ruhusa kwa Amirul-Muuminina, na jina hilo likamkaa Khalifa tangu siku hiyo.

Kwa hiyo, hata anayeikataa habari ya cheo habaki mikono mitupu. Nyumba yake ilikuwa njiani kuelekea soko, Khalifa alikuwa akimpitia, na alijua habari za ndani za serikali kiasi cha kwamba mjukuu wake ndiye aliyeulizwa na Khalifa wa zama nyingine. Elimu yake na uaminifu wake havina mgogoro. Wanachuoni wamegombana juu ya cheo tu. Na juu ya mipaka ya uongozi wa mwanamke, rai za madhehebu ni nyingi na zinajulikana. Ukurasa huu hautoi fatwa. Mwenye kutaka hukumu na awaulize wenye elimu.

Naye hakuwa mtu wa kuficha rai yake. Ibn Saad amepokea kuwa aliwaona vijana wakitembea pole pole na kusema kwa sauti ya chini, akauliza ni kina nani. Akaambiwa ni wacha Mungu. Akasema kuwa Umar alikuwa akisema husikika, akitembea huharakisha, akipiga huumiza, na yeye ndiye aliyekuwa mcha Mungu wa kweli.

Wahamiaji wa zama zetu

Hijra za watu hazikuisha. Mwaka 2001 Wasomali waliokimbia vita walianza kuhamia kwa wingi katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Oktoba 2002, meya wa mji huo aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya jamaa zao kuja, kwa kuwa mji umeelemewa. Barua hiyo ilizua mtafaruku. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano dhidi ya Wasomali, nao wakazi kwa maelfu wakakusanyika siku hiyo hiyo mahali pengine kuwaunga mkono wageni wao.

Miaka michache baadaye, mwaka 2005, alihamia Lewiston mwanamke mzaliwa wa Mogadishu, Bi Deqa Dhalac, ambaye alikuwa Marekani tangu mwaka 1992. Alisomea kazi za ustawi wa jamii, akawahudumia wahamiaji na familia zao, kisha akahamia South Portland katika jimbo hilo hilo. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa diwani. Desemba 2021 madiwani wenzake walimchagua kuwa meya, Msomali wa kwanza kushika nafasi hiyo nchini Marekani, akiwa na hijabu yake kichwani, katika mji ambao wakazi wake wengi mno ni Wazungu. Mwaka 2022 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Kutoka Lewiston ilikoandikwa barua ile mpaka South Portland ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari.

Novemba 2023, wapiga kura wa mji wa St. Louis Park, jimbo la Minnesota, wakamchagua Bi Nadia Mohamed kuwa meya wao. Naye ni mzaliwa wa Somalia, aliyepitia maisha ya kambi ya wakimbizi nchini Kenya akiwa mtoto, na alikuwa na umri wa miaka 27.

Kazi ya diwani au meya katika miji kama hiyo si ya fahari. Ni barabara, maji, taka, leseni za maduka na bajeti ya mwaka. Ni kukaa vikao virefu vya usiku kusikiliza malalamiko ya mtu ambaye pengine hakukupigia kura. Ukiiangalia vizuri, haiko mbali na kazi ya kuchunga soko: kuhakikisha haki ya mnyonge haipotei katika mambo madogo ya kila siku.

Mafunzo kwa familia zetu

Kwanza, tuwape watoto wetu wa kike elimu, ya dini na ya dunia. Mzazi anayemtoa binti yake chuoni au shuleni kwa hoja kwamba mwisho wake ni jikoni ajiulize: lau wangefanya hivyo watu wa Bi Shifaa, ni nani angemfundisha Bi Hafsa?

Pili, tumtazame mgeni kwa jicho la Ansari. Mhamiaji aliyefika mtaani kwetu na mkoba mmoja anaweza kuwa amebeba ujuzi ambao mji mzima unauhitaji. Bi Shifaa alifika akiwa mwenye kuomba, akamaliza akiwa mwenye kuombwa ushauri.

Tatu, tuusafishe uchumi wetu. Suratul-Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Kopo lililobonyezwa chini, mizani iliyochezewa, lumbesa inayomuumiza mkulima, na deni lisiloandikwa mpaka ndugu wakagombana, yote hayo ni mambo ya dini kabla ya kuwa ya manispaa. Mama anayeuza nyanya kwa mizani ya haki yumo katika ibada.

Nne, uaminifu hujengwa nyumbani kwanza. Sayyidna Umar aliyempitia Bi Shifaa kwa mambo ya soko ndiye yule yule aliyemuuliza habari za swala ya mwanawe. Hakutenganisha mizani na msikiti, naye mama hakukasirika kuulizwa. Je, sisi tunaowaandaa watoto wetu kwa vyeo, tunajua walikuwa wapi wakati wa Alfajiri?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amridhie Bi Shifaa na wahajiri wote wa kike na wa kiume, awahifadhi ndugu zetu waliotawanyika katika nchi za watu, awajaalie mabinti zetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sote kuwa waaminifu katika kila tulichokabidhiwa, kikubwa au kidogo. Amin.